Injini Chini ya Blanketi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto, na kama uko njiani ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetengeneza injini za magari ya mashindano. Tumemzika wiki iliyopita. Wote waliomjua walimwita Mama Ringi.

Kwa nini Ringi? Ndani ya injini kuna pistoni, kile kipande cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Pistoni imevishwa ringi. Kila ringi imekatwa mahali pamoja, kwa hiyo ina ncha mbili zinazotazamana bila kugusana. Shikeni hapo, bila kugusana. Chuma kikipata moto huvimba. Pengo likiwa dogo mno, ncha zinakutana, ringi inakosa pa kwenda, na injini inakwama gari likiwa mbioni. Pengo likiwa kubwa mno, nguvu zinavuja na gari linapitwa hata na mwenye baiskeli. Kazi ya Mama Ringi ilikuwa pengo hilo.

Aliirithi kwa baba yake, fundi wa mashine za kusaga. Ndoa aliijaribu ikamshinda, akarudi gereji. Hakukuuzia pistoni kabla hajakuhoji. Mbio zako ni fupi au ndefu? Mlima au tambarare? Akishajua, huchagua. Kwa mbio kali alipenda pistoni za kufuliwa kwa nyundo, ngumu, ingawa hugonga zikiwa baridi. Mteja mmoja alilalamika kwamba gari lake linakohoa kila asubuhi. Mama Ringi akamwambia, "Na wewe ukiamka hukohoi? Lisubiri lipate moto." Kisha huisukuma kila ringi ndani ya silinda yake yenyewe, anapima pengo, anaitoa, anaigusa kwa tupa ncha moja tu ili pengo liongezeke, anairudisha. Hakuna aliyemharakisha akapona ulimi wake.

Ila mmoja. Mdogo wake wa kiume, dereva wa mashindano, ambaye kwa kuongea kwake walimwita Chiriku. Msimu uliotangulia wenzake walimpita kwenye mlima, na hilo lilimkaa rohoni. Akaja gereji akamganda dada yake.

"Dada, nibanie kidogo hilo pengo. Kidogo tu."

"Nikubanie ufe?"

"Nani kasema kufa? Mimi naongea habari za mlima."

Mama Ringi hakuwa na moyo wa kumkatalia. Alimlea tangu mama yao alipofariki. Basi akapunguza tupa. Pengo akaliacha dogo kuliko alivyowahi kumwachia dereva yeyote.

Siku ya mashindano Chiriku aliupanda mlima ule mbele ya wote. Kwenye mteremko wa upande wa pili, penye kona, gari likaruka ukingo. Chiriku akafa pale pale. Mtu mmoja aliyekuwa kando ya barabara alisema alisikia injini ikinyamaza kabla ya kona. Wengine wote walisema kijana alikuwa na pupa, amejiua mwenyewe.

Injini ikaletwa gereji. Mama Ringi akaiweka kwenye kona, akaifunika kwa blanketi la Chiriku. Hakuifungua. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo maisha yake yalipobadilika. Mjane wa Chiriku, yaani wifi yake, alikuja kufanya kazi pale, akiosha vipuri vilivyoharibika kwa mafuta ya taa. Ameniambia hivi: "Wifi alikuwa akifungua mlango asubuhi anapiga hodi. Gereji yake mwenyewe. Na mchana watu wakinyamaza, anainua kichwa anaitazama kona ile, kama kaitwa."

Wifi alimwomba aifungue, wajue moja. Kila mara jibu lilikuwa bado. Bado hiyo ilikula miaka. Mama Ringi aliogopa, na ninamwelewa. Kama ncha zilikutana, basi yeye ndiye aliyemuua mdogo wake. Kama hazikukutana, basi wasemao Chiriku alijiua kwa pupa wamesema kweli. Hakuna upande uliokuwa na nafuu.

Chiriku aliacha binti. Shuleni wenzake walimwita mtoto wa kichaa. Siku moja alipita gereji na sare yake, akasimama mlangoni.

"Shangazi, baba alikuwa mzembe?"

Mama Ringi akamwambia awahi nyumbani. Mtoto alipoondoka akamwambia wifi yake, "Kesho tunaifungua."

Blanketi likatolewa. Injini ilikuwa imeliwa na kutu, pistoni hazitoki mpaka zigongwe kwa nyundo na kipande cha mti. Mama Ringi akazivua ringi, akazifuta juu juu kwa kitambaa, akasogea dirishani. Alizitazama ncha zile muda mrefu, akiwa amempa wifi yake mgongo.

"Zilikutana?" wifi akauliza.

"Zilikutana. Ni mimi, wifi. Chiriku hana kosa."

Hakuishia hapo. Alikwenda kwenye mkutano wa madereva akasimama mbele yao akasema hivyo hivyo: nilimbania pengo, injini ikakwama, mdogo wangu nimemuua mimi. Shuleni maneno yakageuka, wakaanza kumwonea binti huruma. Na madereva, mmoja baada ya mwingine, wakapeleka injini zao kwingine. Nani angemlaumu dereva kwa kuipenda roho yake? Meza aliyopangia pistoni ikabaki tupu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni polepole. Yanayofuata nimeruhusiwa kuyasema na wifi yake, na binti ameshaambiwa. Ni mtu mzima sasa.

"Ringi zile alinipa nikazitupe," wifi aliniambia. "Nikaziosha kwanza, kwa mazoea. Nimeosha ringi nyingi zilizokutana, nazijua. Ncha zake hung'aa kama kijiko kilichosuguliwa. Hizi zilikuwa nyeusi, masizi mpaka mwisho kabisa. Hazikukutana. Injini haikukwama, aliyesema ilinyamaza alisikia vibaya. Mume wangu aliingia kwenye kona kwa mwendo mkali, basi."

Mama Ringi aliyajua hayo tangu pale dirishani. Alijua hana hatia, akaichukua hatia, ili mtoto wa mdogo wake atembee kichwa juu. Narudia, alijua.

Nilimuuliza wifi kwa nini hakusema.

"Siku ile maneno yalipogeuka shuleni, binti yangu alimaliza chakula chake chote. Nikasema nitamwambia wifi kesho kwamba najua. Kesho wateja wakaanza kuondoka, nikasema kesho kutwa. Halafu nikawa namkuta kila asubuhi mbele ya meza tupu, ananiambia karibu wifi, umeamkaje. Kwa upole, kama mtu asiyenidai chochote. Nikifumba macho namwona vile. Hata sasa naongea nawe namwona."

Alijaribu mara moja, hospitalini, mwishoni. Akavuta kiti karibu na kitanda cha Mama Ringi, akamshika mkono.

"Wifi, zile ringi..."

Mama Ringi akamkata. "Ulizitupa?"

"Nilizitupa."

"Vizuri. Basi zimetupwa."

Wifi hakuzitupa. Nimeziona. Amezifunga kwenye leso, na akizionyesha hazitazami.

Kwa niaba ya redio hii nampa pole wifi, nampa pole binti wa Chiriku, na pole kwa wote waliowahi kusimama mbele ya meza ile. Nanyi madereva mliohama, mnanisikia, nanyi pia poleni. Usiku huu, kabla hamjazima redio, mfikirieni yule mtu wa nyumbani kwenu ambaye lawama imemzoea kiasi kwamba hakuna anayeuliza tena ilikotoka. Kama bado yuko hai, nenda kamuulize. Usiseme kesho.