Walitaka Nitaje Jina la Mwanaume

Bwana asifiwe! Itikieni vizuri, maana leo nimesimama na hasira, na Bwana anaijua.

Ndugu zangu wa Rudewa, mnanifahamu, mimi ni Mama Neema. Tangu nilipomwachisha Neema kunyonya, kila nikikaribia siku zangu matiti yote mawili yanajaa na kuuma mpaka kwapani. Kujifunga khanga, taabu. Mtoto akinirukia kifuani, napiga yowe. Siku zikianza, maumivu yanakwisha. Mwezi ukigeuka, hayo yamerudi!

Neema naye alichelewa kutembea. Basi mama mkwe wangu, yule pale amekaa, akaunganisha mambo. Akasema mtoto kabemendwa, yaani kadhoofika kwa sababu eti nilitoka nje ya ndoa wakati nanyonyesha. "Ziwa la mke aliyetulia haliumi. Taja jina la huyo mwanaume, mtoto apate dawa atembee!" Mume wangu akaacha kula chakula changu. Akasema tukimaliza kuvuna mahindi sijataja, ananirudisha kwetu Berega, na Neema anabaki.

Na ninyi akina mama wa maombi! Mlikuja kwangu, mkaniwekea mikono, mkamwomba Mungu anifungue kinywa nitubu. Nitubu nini? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza panauma wapi! Ndugu zangu, nilikaribia kutaja jina la mtu yeyote tu, mradi mniache na mwanangu.

Bwana akanizuia. Asubuhi moja nilimbeba Neema, nikapanda bodaboda hadi hospitali kule Kilosa. Daktari alinipima, hakukuta uvimbe. Akauliza, "Yanakuja kabla ya hedhi, ikianza yanaondoka?" Nikalia kabla sijajibu. Akasema, "Pole, mama. Hizo ni homoni. Wanawake wengi yanawapata." Akanishauri nivae sidiria inayonishika vizuri, hata kulala, nijikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na yakizidi ninywe panadoli. Ila nikigusa uvimbe, chuchu ikitoa damu, au maumivu yakikaa sehemu moja yasiondoke, nirudi haraka. Neema walimwangalia, hana neno. Na sasa anatembea, jina halijatajwa!

Baba Neema nilimpeleka akaambiwe mwenyewe. Aliinamisha kichwa njia nzima. Siku hizi ananichemshia maji ya kujikanda.

Mama mkwe, shikamoo. Nakuheshimu, lakini bado nasubiri uniombe radhi.

Namshukuru Mungu aliyenifunga kinywa pale ninyi mlipoomba kifunguliwe. Na wewe binti unayeumwa kimya hapo nyuma, mtumaini yeye, hakuaibishi. Wakikubana utaje jina, litaje la Yesu. Kisha panda bodaboda uende hospitali, na kama huna wa kukusindikiza, njoo unigongee mimi.