Zipora Bujiku na Nzi Walionyanyuka

Marehemu Zipora Bujiku alizaliwa Maganzo tarehe 9 Machi 1987, mtoto wa Mzee Bujiku na Mama Lusia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Maganzo, sekondari Shinyanga mjini, na mwaka 2011 akahitimu shahada ya kemia Dar es Salaam.

Mwaka 2014 alifunga ndoa na Ndugu Ignas Masalu wa kijiji hiki cha hapa Geita. Siku ya harusi aliinuka meza kuu, akavua shela na kuifunikia pilau ya wazee, maana nzi walishawatangulia. Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Kazi yake kubwa aliifanya hapa hapa machimboni Geita, kuanzia 2021. Kwa maji ya majani ya mwarobaini alitengeneza chembechembe za madini ya fedha, ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Dawa ile ilipopulizwa vyooni na majalalani, nzi walipukutika na homa ya matumbo ikapungua. Nasi tukajisahau. Mama ntilie waliacha kufunika vyakula. Dawa ilipopungua tukachemsha majani yetu na kujazia madumu ya dawa, tukisema mwarobaini ni mwarobaini. Mwaka jana alikamata nzi wa hapa akawapulizia dawa halisi. Walianguka, kisha wakanyanyuka mmoja mmoja.

Alikuja mkutanoni akatueleza kwamba kwa dawa hafifu tumewazoesha nzi, na kwamba watarudi na maradhi yao. Mwenyekiti wetu, Mzee Athanas, alimjibu kwa upole kuwa binti amechoka, akapumzike. Tukapiga makofi, Mungu atusamehe.

Mwezi Agosti homa ya matumbo ilimpata yeye mwenyewe. Utumbo ulitoboka, akapasuliwa, na tarehe 2 Septemba 2025 akafariki hospitalini Geita. Maneno yake ya mwisho alimwambia mumewe: "Baba Loveness, watu wasile msibani kwangu. Wanizike, waende makwao." Ukoo ulikaa, ukaona ni aibu kwa Msukuma kuwaacha waombolezaji waondoke na njaa. Mama yetu Lusia alilia sana kwa uamuzi huo, lakini moto ulishawashwa.

Marehemu ameacha mume, mama mzazi, kaka mmoja na watoto wawili, Loveness na Davis. Loveness hayupo hapa kaburini. Amelazwa tangu jana kwa kuharisha, pamoja na shangazi zake wawili waliokuwa wakipika hapa msibani.

Bwana ampe dada yetu pumziko la amani. Wazee wanatangaza kuwa chakula kiko tayari nyumbani. Mimi Herman, kaka yake, sitakula.