Mpangaji Mji Anaondoka, Barabara ya Soko Haijaamuliwa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mpangaji Mji wetu anastaafu. Umri umefika, asijifanye hajui kuhesabu. Sisi wafagiaji wa katikati ya mji ndio tuliokuwa naye barabarani, kwa hiyo wasifu huu nimeuandika mimi, msimamizi wao. Anayetaka Kiswahili cha kuvaa tai akatafute kwingine.

Alipoajiriwa, katikati ya mji palikuwa pa kupita tu. Magari yamepanda hadi barazani, mjamzito hana pa kuegemeza mgongo, uwanja wa mnara wa saa umegeuka jaa. Yeye akaja na mpango wa miaka thelathini. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu: miaka hiyo mtoto si huzaliwa akaolewa! Wakambandika jina la Bwana Kesho. Hakununa. Akaanza na jaa.

Kukosea alikosea. Mabenchi yake ya kwanza yalikuwa ya chuma, tena juani. Siku ya uzinduzi, saa saba mchana, akaketi mbele ya wageni ili awe mfano, akaruka kama aliyekalia kikaango. Tangu hapo akaweka sharti: hakijengwi kitu kabla hakijajaribiwa na makalio ya watu. Kwanza anaweka viti vya kuazima. Watu wakivihamisha, naye anahamisha mpango.

Yeye mwenyewe hajui kukaa. Chai huinywa akitembea. Mkewe ananiambia likizo ya wiki moja tu alihamisha makochi mara tatu, eti sebule haina njia. Wewe mkewe, mwenzangu, jiandae: sasa atakuwa nyumbani kila siku.

Kilichombakia rohoni ni barabara ya soko. Kila Jumamosi tunaifunga kwa majaribio, magari yasipite, na mapipa ya kuzuia anayaviringisha kwa mikono yake. Jumamosi ya kwanza ilikuwa aibu: mvua, na barabara tupu. Muuza viatu akatoka mlangoni:

“Bwana Kesho, umefunga njia upate pa kulala?”

“Lete mto, mjomba.”

Wiki iliyofuata akawabembeleza mafundi cherehani watoe mashine zao nje. Watu wakafuata nguo zao, watoto wakafuata mama zao, mpira ukafuata watoto. Siku hizi mapipa yakichelewa, muuza viatu yule yule ndiye mwenye kelele.

Lakini kura ya kuifunga moja kwa moja itapigwa kwenye mkutano wa mji mwezi ujao, yeye akiwa nyumbani. Wapo wanaotaka iwe maegesho. Aliomba aongezewe muda mpaka kura ipite, akanyimwa. Sasa anazunguka ofisini kama kuku anayetaka kutaga, na ametuambukiza: hata mafagio hayatulii mikononi.

Baba, basi! Umesema vya kutosha. Siku ya kura usije kuchungulia dirishani. Tutaingia mkutanoni sisi, wafagiaji, mafundi, na muuza viatu na mdomo wake. Anayetaka maegesho atatuambia usoni. Kama tutashinda, sijui, na usingizi sipati. Kunyamaza, hatunyamazi.

Asante kwa kazi, hata kwa kutuchosha. Mungu akupe afya na uzee mwema. Jumamosi hii mapipa tutayaviringisha wenyewe. Ukija sokoni, njoo na kikapu. Futi ya kupimia iache nyumbani.