Msamaha wa Mzee Muharami

Lori la mizigo lilikuwa likipanda kutoka Masasi kwenda Newala, na Mwalimu Helena, aliyekalia gunia la chumvi huko nyuma, hakuwa na pa kuyaficha masikio yake. Mzee Muharami wa Lupaso alikuwa amegundua kwamba kijana aliyeketi mbele yake ni karani wa zahanati, naye hakukusudia kumwachilia.

"Macho yangu yote mawili yana mtoto wa jicho," alifoka, "na mwenzako wa zahanati ananidai stakabadhi ya kodi!"

"Ndio utaratibu, mzee. Mlipa kodi hupasuliwa bure."

"Nimelipa tangu enzi za Mjerumani! Juzi mkanipa cheti, mkasema Muharami umezeeka, umesamehewa kodi. Nikashukuru, mjinga mimi. Kumbe mmenisamehe na macho?"

Karani akaeleza kwamba cheti cha msamaha si stakabadhi. Alieleza vizuri, ila Helena alimwona akiyatazama magunia badala ya mzee.

"Kwa hiyo wanaotibiwa macho ni vijana wenye macho mazima?"

"Sheria sikuitunga mimi, babu."

"Kila ninayemuuliza hakuitunga!"

"Sasa Newala unafuata nini?"

"Naenda bomani kwa Bwana Shauri, yule afisa wa wilaya, kulipa kodi."

"Hawatapokea. Jina lako limefutwa daftarini."

"Watapokea! Nitasimama pale mpaka wachoke kunitazama, maana mimi kuwatazama siwezi."

Lori likasimama sokoni. Karani akanyoosha mkono amshushe. Mzee hakuuona, au hakuutaka. Alishuka kwa kupapasa, kisha akauliza kwa sauti kubwa boma liko upande gani.