Fundi wa Mnara wa Saba

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutushika mkono, marehemu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Minara, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika nyumba ya pili kutoka karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa baba fundi majokofu na mama mshonaji wa sare za shule.

Alianza shule ya msingi ya mtaani kwao Januari 1986, akaingia sekondari mwaka 1993, ambako alisimamishwa wiki moja kwa kuifungua redio ya mwalimu mkuu, ingawa aliirudisha ikisikika vizuri kuliko awali, kisha akasomea umeme katika chuo cha ufundi kuanzia 1997 hadi 1999, akiwa mwanamke pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja.

Tarehe 5 Juni 2000 aliajiriwa kutengeneza laini za simu, na mwaka 2008 akahamia kampuni ya mtandao usiotumia waya, akakabidhiwa minara tisa ya mlimani, kule ambako majira ya baridi joto hushuka hadi nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, betri zikafa, nyaya zikapasuka kama vijiti vikavu, na unyevu ulioingia ndani ya kifaa ukaganda na kukivunja. Baba yake alimcheka, akasema, "Mimi nimezeeka nikitengeneza baridi, wewe unalipwa kuifukuza!"

Aliifukuza kweli, kwa masanduku ya vifaa aliyoyabuni mwenyewe, yenye sponji nene ukutani, hita ndogo inayojiwasha baridi ikizidi, tundu dogo chini la kutoa maji, na kila waya ukipindwa kwanza kuelekea chini ili matone yasiufuate hadi ndani, naye hakuchoka kuwaonya wenzake kwamba kifaa kilichoganda hakiwashwi papo hapo, hupashwa moto kwanza.

Masanduku hayo yaliundwa na seremala aliyefunga naye ndoa tarehe 18 Septemba 2004, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 2006 na mvulana mwaka 2010, na nyumbani kwao meza ya chakula haikukosa bisibisi, jambo ambalo mumewe alilalamikia miaka yote na leo analililia.

Kwa majira matatu ya baridi mfululizo marehemu aliiandikia ofisi yake kuomba betri zinazohimili baridi na hita mpya ya mnara wa saba, ulioiunganisha zahanati ya kilimani na daktari wa bondeni, na kila mara aliambiwa asubiri.

Tarehe 11 Januari mwaka huu, siku ya sita ya baridi kali, mnara huo ulizimika wakati muuguzi wa zahanati akimhudumia mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, barabara imefunikwa na theluji, daktari hapatikani ila kwa mtandao. Marehemu na dereva wake walifika mlimani saa tano asubuhi, marehemu akapanda mnara hadi kwenye sanduku la vifaa, akakuta hita imekufa na betri imeganda, naye akavua glavu, kwa kuwa viunganishi ni vidogo mno, akaiingiza betri ndani ya koti lake, kifuani, hadi ikapata uhai, akaiunganisha huku bado ameikumbatia, mtandao ukarudi. Dereva alimsihi kutoka chini, "Dada, shuka, utakufa huko!" naye akajibu, "Nikiiachia inazima. Daktari akimaliza nitashuka." Daktari alimaliza baada ya saa mbili na dakika kumi, mama yule na mtoto wakapona, lakini marehemu hakuweza kushuka kwa nguvu zake, ikabidi dereva amfunge kamba na kumteremsha.

Alilazwa jioni hiyo, tarehe 14 akakatwa vidole sita, kisha mapafu yakajaa maji. Tarehe 20 mnara wa saba ulizimika tena, hakuna aliyepanda, na kila marehemu alipouliza, mumewe alimwambia unafanya kazi, hadi asubuhi ya tarehe 29 Januari, saa mbili na robo, alipokata roho akiwa ameushika mkono wa mumewe. Mumewe ameomba tuliseme hili mbele yenu, kwa sababu hakuwahi kumdanganya kabla ya hapo, na hajui amwombe nani msamaha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku kumi na nane, majirani waliolala kwetu na kutupikia, mafundi wenzake, na dereva, ambaye hatuna neno la kumtosha. Watu wa kilimani tungewashukuru pia, lakini hawapo hapa, mnara bado umezimika, na mama yule aliyepona hajui kwamba leo tunazika.

Mke, mama, dada yetu, umefanya ulichoweza, sasa pumzika, na amani iwe nawe.