Skrini Iliyopiga Rumba Matangani

Apa kwanza. Sema hutamwambia muntu hata mmoja, na hasa usimgusie Maman Épiphanie wa sokoni, maana huyo nimeshamwambia mimi na anadhani ni yeye peke yake anayejua. Umeapa? Haya. Ilikuwa Kamembe, mpakani na Kongo, mwaka ule Goma ilianguka, kila muntu anatembea na radio sikioni kusikia vita imefika wapi kule ng'ambo. Mama mzee Nyirabagenzi aliuza kahawa yake kwenye kona ya juu ya gare ya mabasi, mbele ya benchi la mbao, na Ijumaa hiyo benchi zima lilikuwa linatazama gari ya Cassien, kijana wa teksi. Gari ilitoka Japani na skrini ya kugusa kwa kidole, maandishi yote ya Kijapani. Wiki tatu ilitii. Halafu ikaanza kujiamulia: unafungua habari, inazikata, inapiga rumba. Jumanne Cassien alipeleka familia moja Nkanka kuzika mzee wao. Padri yuko katikati ya sala, gari ikapiga rumba ya kukata kiuno. Na kesho yake Cassien alitakiwa kumbeba Concessa, bibi harusi, mpaka kanisani Gihundwe.

— Mama yake anakuja sasa hivi kuisikiliza, Cassien alisema. Ikiimba, anachukua gari ingine. Nani tena atanipa harusi?

Damascène, ambaye wote walimwita Mzee Antena, alikohoa.

— Ni vita, kijana wangu. Basoda ba ng'ambo, bale ba bunduki, banatafutana hewani kwa radio. Simu yangu nikishuka tu kwenye mto, inaniambia karibu Kongo. Gari yako nayo imevuka, tena bila jeton, kile kikaratasi cha mpaka.

— Na rumba ni ya basoda? aliuliza Nyirabagenzi.

— Basoda nabo banacheza, Maman.

Mwisho wa benchi aliketi Mukengere, fundi wa magari, jina la kijiweni Docteur, mkono mmoja ndani ya koti. Yeye ndiye aliifungua skrini ile wiki iliyopita, bure, eti kuipima. Na Jumanne alikuwa Nkanka, kati ya wafiwa, anatikisa kichwa kwa huruma. Gari yake mwenyewe ilisimama ng'ambo ya barabara, tundu la mraba katikati ya tableau, pale radio inapokaa, naye akisema radio yake iko njiani.

— Ugonjwa uko ndani, alisema Docteur. Mwenye gari alikufa kule Japani. Skrini ilizoea kidole chake, inakitafuta. Ing'oe unipe, nikuwekee radio ya kawaida.

— Marehemu Mjapani amejulia wapi rumba? aliuliza Nyirabagenzi.

— Amekaa hapa zaidi ya wiki tatu, alijibu Mzee Antena kwa niaba yake. Mimi Kifaransa nilikijua kwa wiki mbili.

Cassien akafungua habari. Rumba. Akafungua tena. Rumba.

Nyirabagenzi akamimina kahawa, akampelekea Docteur. Docteur alilelewa vizuri na mama yake kule Bukavu; akatoa mkono kotini, akapokea kwa mikono miwili, kama inavyopokewa kwa mukubwa. Cassien akafungua habari, zikasomwa mpaka mwisho, na utabiri wa mvua ya kesho juu yake. Docteur akaweka kikombe chini, mkono ukarudi kotini. Rumba.

Nyirabagenzi akampa kikombe cha pili. Mikono miwili, habari zinasomwa vizuri. Kikombe chini, rumba. Mama mzee akafunika jiko lake polepole, kama muntu anayefunga mlango ili kuku asitoke.

Hapo Odette, mama ya Concessa, akafika na mwavuli kwapani.

— Washa, alisema.

Habari zikasomwa sentensi mbili. Rumba ikalipuka, barabara nzima ikageuka. Odette akageuka pia, aende zake.

— Docteur, pokea haraka, inaniunguza, alisema Nyirabagenzi, na kikombe kilichojaa mpaka mdomoni kilikuwa tayari puani pa fundi.

Malezi ni malezi. Mikono yote miwili ikatoka. Mmoja ukatoka na simu, inawaka, kidole gumba bado juu yake.

Nyirabagenzi akaichukua ile simu, akagusa. Gari ikanyamaza. Akagusa tena. Gari ikaimba.

— Marehemu wa Japani huyu hapa, alisema.

— Niliunganisha simu na gari kwa kuipima tu, alisema Docteur. Nilisahau kuitoa.

— Na Nkanka ulisahau pia, mbele ya padri?

Mzee Antena akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye lile tundu la mraba, saizi ya skrini ile ile, na kwa mara ya kwanza toka vita ianze hakutaja basoda. Odette akarudi, akafungua mlango wa gari ya Cassien, akaketi mbele kama bibi harusi mwenyewe.

— Kesho saa tatu, Cassien. Na hiyo rumba uniwekee ya kutokea kanisani.

Docteur alitaka kusimama, lakini kikombe kilikuwa kimejaa na benchi zima linamtazama.

— Kunywa, mtoto wangu, alisema Nyirabagenzi. Mikono miwili.