Vazi Lisilo na Fundo la Mwalimu Zlatina

Marehemu Zlatina Koeva alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa mjini Sliven, ng'ambo ya reli, mtaa wa jamii yetu, ambao watu wa katikati ya mji huutaja kwa kushusha sauti. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mate, mfua shaba, na Bi Rusa.

Alisoma shule ya msingi papa hapa mtaani, kisha chuo cha ushonaji, akahitimu mwaka 1969. Huko alipangiwa cherehani ya nyuma kabisa, wanakowekwa watoto wa kwetu. Ikawa ndiyo iliyokuwa karibu na dirisha, naye akapata mwanga kuliko darasa zima.

Alifanya kazi katika kiwanda cha sufu hadi kilipofungwa mwaka 1991. Miaka miwili baadaye alianzisha darasa la ushonaji katika ghala tupu karibu na reli, kwa ajili ya vijana walioacha shule, waliokuwa wakizunguka mji kuokota vyuma chakavu. Alikuwa mkali. Mshono ukienda upande aliufumua mbele ya aliyeushona, kisha akamletea chai.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Iliya, dereva wa lori. Mzee Iliya mwenyewe anakiri kwamba alimpelekea suruali ileile apunguze urefu mara tatu, mpaka ikakaribia magoti, ndipo akapata ujasiri wa kusema lililomleta.

Mei 2008 wakaguzi walikuja kutoka mji mkuu, Sofia. Wanafunzi wakishindwa mtihani, darasa lingefungwa na vijana wale wangerudi kwenye vyuma chakavu. Asubuhi hiyo kitambaa cha mtihani kilikuwa hakijafika. Mwalimu alikwenda nyumbani, akafungua sanduku ambamo, kama mama wengi wa rika lake, aliweka vitu vya kuzikiwa, akarudi na kitambaa cha sufu cha buluu. Wanafunzi waliogopa kukikata. Aliwaambia wakate tu, yeye hana haraka ya kukivaa.

Gauni lilishonwa likapendeza. Mkaguzi mkuu, mama mmoja mwenye koti zuri, alivuta ncha ya uzi kwenye upindo, na upindo ukafumuka wote. Akasema hawa hata kufunga fundo hawajui. Sevda, aliyeushona, alikuwa msichana wa miaka kumi na saba asiyezoea kusema mbele ya wageni.

"Mama, hilo ni vazi la maiti," alisema. "Kwetu la maiti halifungwi fundo. Anayeondoka hafungwi."

"Na mimi nitajuaje kama fundo mnaliweza?"

"Bitana ya koti lako imechanika kwapani. Nivulie."

Mwalimu aliinamisha kichwa, baadaye akasema alikuwa akizuia kicheko. Sevda alishona bitana ile. Mkaguzi akavuta uzi, akavuta tena kwa nguvu zote, fundo likashika. Wote walifaulu, na mpaka leo darasa lipo. Sevda alipotaka kuurudishia ule upindo, Mwalimu alimkatalia. "Uache hivyo, mwanangu. Utaumaliza siku nitakapouhitaji. Na uwe bado unajua kushona."

Moyo ulianza kumsumbua majira ya baridi yaliyopita. Alilazwa mara mbili, na mara zote mbili alilalamikia jinsi mashuka yalivyopindwa. Alifariki dunia nyumbani Jumatatu, tarehe 11 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 73, mumewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana, wala hatuoni haya kusema.

Ameacha mume wake Iliya, mwanawe Dimo, binti yake Petra, wajukuu wanne, na sisi wapwa zake. Ameacha pia mafundi ambao mikono yao imevalisha nusu ya mji huu, hata wale wanaoshusha sauti wakitutaja.

Jumatatu ileile jioni Sevda, ambaye sasa ndiye mwalimu wa darasa hilo, alifunga karakana akaja na sindano. Mshono ulikwenda sawa. Aliumaliza upindo wote wa lile gauni la buluu, akakata uzi, na ncha akaiacha huru.

Nenda salama, Shangazi Zlatina. Pumzika, hakuna kilichokufunga.